Siku Niliyopeleka Kisu cha Babu Kwenye Bunduki

Usiku kucha nilijiuliza kama kisu changu ni silaha. Ninakusanya visu vya kizamani vya kukunja, vile vyenye zana nyingi, na kile alichoniachia marehemu babu kina kipande kilichopinda kama ukucha, ambacho nilishindwa kukitambua. Nilidhani ni cha kuulia watu. Mji wetu mzima wa Bunia ulikuwa umeombwa kusalimisha silaha, basi asubuhi nikapanga mstari kati ya wanaume wenye bunduki.

Afande aliyekuwa akipokea silaha alikikunjua. “Mutoto, hii iko ya kufungula sardini! Weye ulikuwa unapigana na samaki?”

Mstari mzima ulicheka. Namshukuru hadi leo, maana alinirudishia. Nilitaka kukimbia, lakini mwanamume aliyetoka kukabidhi bunduki yake aliniita, akininyooshea kopo la sardini. Nikakaa karibu naye, nikalifungua.