Kibao cha Marehemu

Mtunza bustani ya mawe, yenye maua yaliyopandwa kati ya miamba, pale chini ya milima ya Kamnik, hukagua majani kwa midomo, maana vidole vyake vimeshakufa ganzi kwa baridi. Hatamki jina la ua mpaka awe na hakika. Asubuhi moja Jernej, mdogo wa marehemu mumewe, alijikaza akamwambia: "Shemeji, kibao hiki cha jina la ua kimekosea. Ua hili ni deizi ya aina nyingine. Petali zake nyembamba kama nyuzi." Kibao kilikuwa na mwandiko wa marehemu. Mama yule alipiga magoti, akapitisha jani midomoni, huku Jernej akijuta kusema. Kisha akaking'oa kibao, akakipangusa udongo, akakitia mfukoni. "Umesema kweli," alisema. "Kaka yako angekubishia mpaka jioni, halafu angekubali. Niletee kingine, niandike."