Jumla Niliyoipandisha

Kompyuta ilipofika kwenye ofisi ya mradi wetu Njombe, miaka ile ya ruksa, vitu vya nje vilipoanza kuingia, nilijiona mfalme. Kazi yangu ya kwanza ikawa kupanga chanjo ya surua ya vijiji sita. Muuguzi mkuu, mama wa Kibena, alikuwa akiifanya hesabu hiyo kwa penseli, na kila kijiji alikipandishia hadi chupa nzima. Chupa moja watoto kumi. Kijiji chenye watoto ishirini na watatu alikipa tatu. Nilimcheka.

"Mama, unamwaga dawa bure."

Programu yangu iligawa safu nzima ya idadi za watoto kwa kumi, ikajumlisha pamoja na desimali zake, ndipo ikaipandisha jumla hadi namba nzima. Ikatoa chupa kumi na nne badala ya kumi na nane za muuguzi. Karatasi ikaenda Makambako, ghalani, wakafungasha hizo kumi na nne kwenye sanduku la barafu.

Nilichosahau ni kwamba chupa ikishafunguliwa haingoji kesho. Tulikwenda kijiji kimoja kwa siku, na kilichobaki jioni kilimwagwa. Tulipomaliza kijiji cha nne muuguzi alichungulia sandukuni, akanitazama. Zilibaki mbili, na surua ilikuwa imeshaingia ng'ambo ya mto.

Zikaishia cha tano, na hazikutosha. Cha sita tulikwenda mikono mitupu, maana muuguzi alikataa watu wangoje bila kuambiwa.

"Waambie wewe," akasema.

Mama wa mbele kabisa kwenye foleni alikuwa ameshamvua mwanawe sweta, na baridi ile!

"Kamwene," akanisalimu.

Nikamwambia dawa imekwisha, hesabu ilikosewa.

"Nani kakosea?"

"Kompyuta," nikajibu. Muuguzi akageuza uso. Niliona aibu, lakini sikujisahihisha.

Kurekebisha kulichukua dakika tano: nilihamisha mstari mmoja tu, kila kijiji kipandishwe kwanza, ndipo kujumlisha. Chupa nyingine zilichukua wiki mbili. Tuliporudi nilimtafuta yule mama kwenye foleni. Jirani yake akasema mtoto ametoka vipele, hapumui vizuri, wamemkimbiza hospitali ya Ikonda.

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari. Nikamwambia huyo jirani kwamba haikuwa kompyuta, ni mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Hayo kamwambie mwenyewe," akasema.

Ikonda sikwenda. Niliogopa kumkuta yule mama amekaa peke yake, bila mtoto.