Nilimulika utumbo wa mbuzi kwa tochi ya simu, dada wa watu akajilaumu siku tatu

Wakuu, poleni na majukumu. Hili nalisema lilivyo, mwenye aibu hapambi.

Mimi ni form four tu, kwetu juu huko Uluguru, nimepanga Mafiga. Nafanya usafi kwenye maabara moja hapa Moro. Asubuhi napita machinjioni kuchukua utumbo wa mbuzi, nauleta kwenye chupa ya chai yenye maji ya chumvi ya baridi. Bodaboda wangu ananiita Supu.

Utumbo ni wa Dada Neema, anasoma masters. Anachunguza dawa zinazoamshwa na mwanga.

Alinielewesha hivi: utumbo ni misuli laini, ile inayojikaza yenyewe bila wewe kuiamuru. Ananing'iniza kipande kwa uzi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kompyuta inachora mstari kinavyojikaza. Kikiwa na dawa gizani, kinaenda taratibu tu. Ukikimulika, kinajikaza ghafla, halafu kinachoka.

Kwa hiyo glasi ni mbili. Moja inamulikwa, nyingine inafunikwa kitambaa cheusi, ya kulinganishia.

Sasa mimi nina ndoto zangu, wakuu. Nilitaka mama anione msomi.

Jumanne, jaribio likiendelea, Dada akatoka kupokea simu, koti lake jeupe liko kwenye kiti. Nikalivaa. Nikafunua kitambaa, nikawasha tochi, nikarekodi.

"Shikamoo mama! Unauona utumbo huu? Huku haupikwi, unasomeshwa!"

Dakika tatu nzima nacheka mwenyewe. Nikafunika, nikaendelea kudeki.

Dada akarudi, akaukodolea mstari macho. "Mbona na cha gizani kimejikaza?"

Nilijua palepale. Nikakamua dekio.

Kibaya zaidi, dawa ilikuwa imeishia hapo, nyingine imeagizwa. Hakuweza kurudia. Akaanza kujikagua: labda alipima vibaya, labda vyombo vichafu. Akaosha glasi ambazo mimi nilishaziosha. Nikawa namletea maji, eti namsaidia!

Ijumaa nikamkuta macho mekundu.

"Deo, leo namwambia mwalimu wangu kazi yote ina mashaka. Kama dawa inafanya kazi hata gizani, miezi yote hii nimepima nini?"

Nikaweka dekio chini. "Dada, ni mimi. Nilimulika."

Hakupiga kelele. Aliuliza tu saa ngapi. Nikafungua video, akalinganisha na mstari: umeruka dakika ileile. Akalifuta jaribio lile moja, mengine yakabaki salama.

Kisha akasema polepole, "Siku tatu najiona mjinga, mdogo wangu, na wewe umesimama hapo na ndoo."

Bora angenizaba kibao.

Dawa mpya imefika wiki hii. Jaribio limetoka safi, nimejua kwa kusikia kigelegele chake nikiwa koridoni. Zamani mlango alikuwa anauacha wazi, ananiita nije nione. Siku hizi anafunga kwa ndani.

Nilichojifunza: kumulika ulikuwa ujinga, unasameheka. Kukaa kimya nikiona mtu anajitesa kwa kosa langu, hiyo ilikuwa roho mbaya, na sikujua kama ninayo.

Mliowahi kufungiwa mlango hivi, ulifunguka tena? Mlifanyaje? Hata mkinichana, nasoma yote.