Chupa za Uzi Mweusi

Katika mtaa wote wa Gurei, Juba, hapakuwa na meza ya petroli safi kama ya Jovia. Wenzake waliuza kwenye chupa zozote walizookota, shingo zina matope na ndani kumekufa nzi, na mteja akilalamika wanamkodolea macho kana kwamba yeye ndiye mchafu. Jovia hakuwa mtu wa hivyo. Kila Jumamosi alibeba gunia hadi kwenye hoteli za mahema kando ya mto, akarudi nalo limejaa chupa tupu za maji. Alizikosha kwa sabuni na mchanga, akazisuuza mara mbili, akazichomeka kichwa chini kwenye miti ya ua wake. Zikishajazwa na kupangwa mezani, jua likazipiga, madereva wa bodaboda walisema petroli ya Mama Kevina mtu angeweza hata kuinywa. Alijifanya hasikii, lakini siku akisifiwa hivyo, mchuzi wa nyumbani ulikuwa na nyama.

Kevina mwenyewe, mtoto wao, alikuwa Tororo, Uganda, kwa bibi yake, anasoma. Wazazi wake walikuja Juba mwaka mmoja baada ya amani kutiwa saini, wakiwa na Toyota Corona nyeupe ambayo baba yake, Okumu, aliipenda kupita kiasi. Aliifanya teksi. Kwa miaka miwili gari hilo liliwalisha vizuri, ingawa lilikuwa na kiu ya ajabu. Kisha mwanzoni mwa mwaka 2008 Kenya ikawaka moto baada ya uchaguzi, malori ya mafuta yakakwama njiani, na bei ya petroli Juba ikapanda asubuhi, ikapanda tena jioni. Okumu alilitazama gari lake siku tatu limeegeshwa, halina hata tone. Siku ya nne akalipeleka soko la Custom kuliuza, akarudi juu ya pikipiki ya Bajaj.

"Hii haikunywi mafuta," alimwambia mkewe. "Hii inanusa tu."

Alicheka, na Jovia akacheka naye, lakini aliona jinsi alivyokuwa ameushika ufunguo wa Corona mfukoni. Alikuwa amesahau kumpa mnunuzi ufunguo wa akiba, na hakuwahi kuurudisha.

Malori yalianza kupita tena, na watu wakadhani bei itashuka. Ikashuka kidogo kuwadanganya, halafu ikapanda kupita mwanzo. Redio ilisema dunia nzima inalia. Wakubwa wenye magari marefu waliendelea kuyaacha yakinguruma nje ya mikahawa ili kiyoyozi kisizime, na mwenye bodaboda alimpeleka mtu sokoni, akirudi anakuta alichopata kimeishia kwenye tangi. Safari za mjini hazikulipa tena. Zilizolipa ni zile za mbali, barabara ya Yei, kuwapelekea watu wa vijijini magunia na saruji. Okumu akaanza kwenda huko.

Hapo ndipo Jovia alipoacha kulala vizuri. Maili chache kupita nyumba za mwisho, barabara ile inabana na kuwa ya gari moja tu, na pembeni yake yamepangwa mawe yaliyopakwa rangi. Palipo na jiwe jeupe, pamefagiliwa, pita. Palipo na jiwe jekundu, ardhini bado kuna mabomu. Vita vilikwisha kwa saini, lakini waliovizika vitu vile hawakurudi kuvifukua. Jovia alipita huko mara moja tu, nyuma ya pikipiki ya mumewe, akaona mbuzi aliyekuwa amevuka jiwe jekundu kufuata majani. Walichokikuta kilikuwa kichwa na kengele.

"Baba Kevina, wacha hii barabara. Mimi naogopa," alimwambia siku hiyo, na hakuona haya kusema.

"Mimi nakaa katikati," Okumu alijibu. "Lori ikikuja, naikimbia mbele mpaka pale kwa jiwe nyeupe. Pikipiki ikiwa haizimi, mimi sitoki kwa barabara. Iko shida gani?"

Pikipiki ikiwa haizimi. Jovia aliyashika maneno hayo. Alianza kuiangalia ile Bajaj kuliko alivyomwangalia mumewe mwenyewe, akasikiliza inavyowaka asubuhi, akauliza habari za plagi na kabureta mpaka Okumu akamtania kwamba atamtafutia kazi ya ufundi.

Constantine alitokea wakati huo. Alikuwa kijana wa hapa hapa aliyekulia Kitale wakati wa vita, amerudi na shati lililopigwa pasi na karatasi za rangi zinazoonyesha mashamba ya miwa hadi upeo wa macho. Alizitandaza mezani katikati ya chupa.

"Madhe, skiza. Brazili magari zinakunywa miwa. Si mchezo. Inaitwa ethanoli. Hapa tuna mto, tuna jua, tuna shamba haina mwenyewe. Tukijenga kiwanda, miaka mbili tu, hakuna mtu atangojea lori za Mombasa."

"Na leo mimi nafanya nini?" Jovia aliuliza.

Constantine alitabasamu, maana hilo ndilo swali alilolifuata. Leo alikuwa na spiriti kali ya kiwandani, jerikeni za buluu zilizofungwa vizuri, nusu ya bei ya petroli. Chupa moja ya spiriti kwa chupa tano za petroli, pikipiki haijui tofauti. "Kitu moja tu," alisema akiinua kidole. "Maji isiguse. Hii kitu inapenda maji kuliko petroli."

Jovia alikubali akijua anachokubali, na sitamtetea. Lakini alichokitaka si hereni wala kitenge. Alitaka kibanda kimoja pale Custom, kidogo, cha kuuza vipuri, Okumu akae ndani yake kwenye kivuli asiione tena barabara ya Yei. Alipiga hesabu zake akaona kwa mchanganyiko ule kibanda kingepatikana kabla ya Krismasi. Kwa petroli tupu kisingepatikana kamwe.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa Dau, dereva aliyeegesha bodaboda yake mbele ya meza kila siku, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe. Alizunguka mji mzima akarudi anasifu. Wakati huo ulikuwa wa kiangazi, chupa zilikauka uani kabla Jovia hajamaliza kusuuza ya mwisho, na kila kitu kilikwenda sawa.

Za mumewe alizitenga. Petroli tupu, isiyoguswa na spiriti, aliitia kwenye chupa zake maalumu, akazifunga uzi mweusi shingoni na kuziweka chini ya kitanda. Kila asubuhi alijaza tangi la Okumu kwa mikono yake mwenyewe. Okumu alidhani ni mapenzi, na kweli yalikuwa mapenzi. Hakumwambia sababu. Okumu ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa steji ya bodaboda ya Gurei, na kwa madereva wake alikuwa mkali kama baba. Sheria aliyoisimamia kuliko zote ilikuwa moja: usimpite mwenzako aliyeishiwa mafuta. Simama, chomoa mpira wa mafuta, mmiminie lita moja kutoka tangi lako, wala usidai kitu. Aliyempita mwenzake hakuegesha kwenye steji ile wiki nzima. Mtu wa namna hiyo angesikia mkewe anawauzia vijana wake mchanganyiko, angeipindua meza mwenyewe.

Mvua zikaanza. Chupa zilizochomekwa uani zilishinda huko mchana kutwa na bado matone yalibaki yamekwama ndani, kwenye mikunjo ya plastiki. Jovia hakuyatilia maanani. Petroli ya zamani ilikuwa haijali tone la maji. Na kuacha kukosha chupa zake hakungemjia akilini, hata kwa ndoto.

Siku moja aliinua chupa mezani akaona mstari. Chini, kama upana wa vidole viwili, palikuwa na kitu kingine kimelala chini ya petroli, kimetulia, rangi yake hafifu zaidi. Akainua ya pili. Nayo hivyo hivyo. Alikumbuka kidole cha Constantine kilichoinuliwa. Akampigia simu, ikawa imezimwa, na ilikuwa imezimwa tangu wiki iliyopita.

Alisimama pale na chupa mkononi. Angeweza kuzimwaga zote shimoni, na kibanda kingekwenda nazo. Akaitikisa chupa kwa nguvu mpaka mstari ukapotea, petroli ikabaki na ukungu kidogo. Akaipanga mezani. Akaitikisa ya pili.

"Mama Kevina, pikipiki yangu inakohoa," Dau alimwambia Jumatatu.

"Angalia plagi," Jovia alijibu bila kumtazama.

Jumanne Okumu aliondoka mapema. Jovia alimtilia chupa mbili za uzi mweusi, akaupangusa mdomo wa tangi kwa kanga. Okumu alikuwa na mfuko wa saruji wa kupeleka kijijini kwa fundi mmoja mjenzi, barabara ile ile. Lakini kwanza, alisema, angepitia Custom kumpeleka mama mmoja na mizigo yake. Ilikuwa safari ya ziada ambayo Jovia hakuihesabia mafuta.

Saa saba mchana Dau alirudi steji, nguo zimelowa, anacheka. Alikuja moja kwa moja mezani.

"Mama, mzee wako leo angelala njiani, wallahi! Nimemkuta kule mbele amesimama na saruji yake, tangi mafi kitu, kavu kabisa. Mwenyekiti mzima!"

Jovia aliacha alichokuwa anafanya. "Wewe ulifanya nini?"

"Si sheria yake mwenyewe? Nikatoa mpira, nikamwagia lita nzima. Nikamwambia, usijali mwenyekiti, hii ni mali ya nyumbani kwako, nimenunua kwa mama leo asubuhi. Amecheka sana. Kalas, basi, akaenda."

"Ameenda wapi?"

"Mbele. Kwa mawe."

Jovia alichukua simu akampigia, ingawa alijua huko simu haishiki. Haikushika. Upande wa barabara ya Yei mbingu zilikuwa nyeusi. Aliingia ndani, akapiga magoti, akavuta kutoka chini ya kitanda chupa moja yenye uzi. Akatoka nayo mbio, akapanda nyuma ya pikipiki ya Dau.

"Nipeleke. Sasa hivi. Usiniulize kitu."

Dau akapiga kiki. Walipita nyumba za mwisho mvua ikiwachapa usoni. Jovia alikuwa anasema maneno, na Dau alidhani anaomba Mungu, naye kweli alikuwa anaomba, lakini katikati ya maombi alikuwa anahesabu: lita moja, mwendo ule, barabara mbaya, mfuko wa saruji, itakohoa wapi, itazima wapi. Kabla hajafika mwisho wa hesabu, pikipiki ya Dau yenyewe ikakohoa. Ikaruka mara mbili, ikazima. Dau alipiga kiki mpaka akachoka.

"Ni plagi," alisema, anaona haya. "Uliniambia, sikuangalia."

"Si plagi, Dau," Jovia alisema. "Ni mimi."

Dau aliitazama ile chupa aliyoikumbatia. "Tutie hiyo, basi."

Jovia alikataa kwa kichwa. Tangini mlikuwa mmelala maji yale yale, na kuyamwaga kulitaka muda ambao hakuwa nao. Akavua ndala akaanza kukimbia, na Dau akabaki ameshika usukani wa pikipiki, anamtazama akiondoka.

Lori lilimkuta hapo. Lilitoka mjini, limejaa hadi juu, linapiga honi mfululizo kwa sababu kwenye tope lile dereva akikanyaga breki lingeteleza. Jovia aliinua chupa, akapunga, akapiga kelele lisimame, limchukue. Dereva alimwonyesha kwa mkono atoke njiani. Akaruka pembeni. Mahali hapo mawe yalikuwa meupe. Lori likampita likammwagia maji mwili mzima, likaendelea mbele, kule kunakobana, honi yake ikisikika na kusikika.

Alielewa. Alianza kukimbia tena, sasa akimwita mumewe kwa jina lake, Okumu, Okumu, jina ambalo hakuwahi kumwita tangu azae. Aliona akilini kila kitu: yuko katikati kama alivyoahidi, anapiga kiki, anapiga kiki, honi inakuja, anaishika pikipiki kwa mikono miwili kuivuta kando, upande wa mawe mekundu.

Honi ilipiga mara moja ndefu. Kisha ukaja mlio mwingine, mfupi, mzito, ukapita miguuni mwake kabla haujafika masikioni.

Wanawake wawili waliokuwa wamejibanza chini ya mti na kuni zao walitazama juu, mmoja akasema ni radi. Mwenzake alikuwa anamtazama Jovia, aliyesimama katikati ya barabara amelowa, chupa yenye uzi mweusi iko mkononi mwake, imejaa, na petroli yake ni safi.