Baba mkwe hasemi tena, na shamba lina jina langu

Admin, nifiche, tena nifiche vizuri, maana huku hata wauza dagaa wanasoma hii peji.

Nina miaka 34, Mnyasa wa Ngumbo, kule ziwani, nimeolewa huku juu Mbinga na nina watoto watatu. Mume wangu yuko vibarua Tunduru, simu yake leo ipo, kesho haipo. Mimi ndiye ninayelima na kukaa na baba mkwe.

Msimu uliopita walikuja kuandikisha wakulima kwa ajili ya mbolea ya ruzuku. Mashine inataka alama za vidole, na vya baba vimelika kwa jembe. Ikakataa. Akavifuta kwenye suruali, ikakataa tena, na foleni nyuma inapiga kelele. Akanigeukia: "Mwanangu, weka cha kwako. Tunataka mbolea, hatutaki maneno." Nikaweka. Basi mteremko mzima wa ngolo, yale mashimo ya kulimia yaliyochimbwa na ukoo wao tangu zamani, ukasoma jina langu. Mbolea tukapata, mahindi tukavuna, hakuna aliyeuliza.

Mwaka huu bwana shamba akaja kuhakiki. Tuko shambani na shemeji yangu mkubwa, akauliza, "Mwenye shamba ni nani?" Na mimi na huu mdomo wangu nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Ni mimi!" Nilidhani anaulizia mbolea, jamani! Shemeji akabeba jembe lake akaondoka. Jioni akaja nyumbani: "Kumbe wewe ulifuata shamba?" Baba akamkatiza, "Nyamaza. Jumapili baada ya misa njooni wote, nitawaeleza mwenyewe."

Jumamosi baba akaanguka karibu na banda la nguruwe. Hospitali wakasema kiharusi, tukarudi naye nyumbani. Mdomo umepinda, hatoi neno, na ukweli wote anao yeye.

Sasa wanasema nimemfunga mdomo. Mimi! Eti watu wa ziwani tuna mambo yetu. Kanisani wanawake hawanipi mkono wa amani. Shemeji aliniambia mbele ya watoto wangu, "Omba mzee apone. Akifa, hapa hutoki salama." Naogopa, ndugu zangu. Nikilala naegemeza kinu mlangoni, mbwa akibweka nakaa kitako hadi kuche. Ujumbe wa mbolea umeshaingia kwenye simu yangu na siendi kuichukua, maana wataona nimethibitisha wizi. Mahindi ya baba yanageuka njano nikiyaona.

Mama yangu kanipigia kutoka Ngumbo: "Njoo na watoto leo leo. Waachie shamba lao." Nikafunga mizigo. Nilipanga kuondoka asubuhi, wifi yangu akishika zamu ya kumlisha baba.

Asubuhi wifi akampelekea uji. Baba akauma meno. Akambembeleza, "Baba, kula kidogo," uji ukamwagika kifuani. Akaja shemeji mwenyewe na kijiko, baba akageuzia uso ukutani. Nilipoingia mimi kuaga, akafungua mdomo.

Tangu siku hiyo hakubali kulishwa na mtu mwingine. Namlisha, na shemeji amesimama mlangoni anakodolea kila kijiko. Nikiondoka, baba atakufa na njaa. Nikibaki akafa, watasema amekufa kwa uji wangu.

Mizigo bado iko chini ya kitanda. Nishaurini kama mngemshauri dada yenu wa kuzaliwa: niende au nibaki? Mnijibu mapema, ananisubiri nimlishe.