Saini Arobaini na Saba

Wanafunzi walimwita Mama Akidi, na jina hilo lilimkaa hata mlinzi wa getini akasahau kwamba aliwahi kuwa na jingine. Akidi ni ile idadi ya wajumbe ambayo isipotimia kikao si kikao, ni mazungumzo tu. Bunge la wanafunzi la chuo kile lilikuwa na wajumbe sitini, akidi arobaini, na wa kusema imetimia au haijatimia alikuwa yeye, karani, mwanamke wa makamo aliyeajiriwa zamani, wajumbe wa leo hawajajua hata kushika penseli.

Mwanzoni alihesabu vichwa. Lakini vichwa vya wanafunzi havitulii. Huyu ana mtihani saa nane, yule kaitwa maabara, wale wawili wametoka kununua maji na hawajarudi. Siku moja alihesabu mara tatu akapata majibu matatu. Spika wa enzi hizo, kijana mcheshi, akamwambia, "Mama, hesabu saini. Saini haiendi chooni." Ukumbi mzima ukacheka, na toka siku hiyo ikawa ndiyo desturi. Daftari la mahudhurio linakaa mlangoni, kila anayeingia anaweka saini, na karani akiulizwa anasoma namba ya mwisho.

Iliwafaa wote. Mwaka jana wajumbe kumi na mmoja, wengine wamelalia mikoba yao, walimwongezea muda rais wa wanafunzi pamoja na baraza lake zima. Daftari lilisema arobaini na nne. Mama Akidi akaandika arobaini na nne, akafunga kalamu, akaenda zake nyumbani.

Hakuona vibaya. Wala hakuona vizuri. Tangu alipomzika dada yake, miaka minne nyuma, mambo mengi yalimpita hivyo, kama redio ya jirani nyuma ya ukuta: unasikia kuna maneno, hayakuhusu. Kilichomtoa kitandani asubuhi kilikuwa kimoja tu, binti wa marehemu dada yake, aliyesoma uuguzi mwaka wa pili chuoni hapo hapo. Nyumbani kwao kulikuwa mbali, mabasi mawili na mwendo wa miguu juu yake, na zamu za wodini zinaanza alfajiri. Binti alianza kusinzia darasani, akafeli masomo mawili. Akifeli tena, masomo yamekwisha. Rais wa wanafunzi aliposikia akampatia kitanda bwenini. Vitanda vile vilikuwa vya mwaka wa kwanza. Mama Akidi alijua. Alisema, "Asante mwanangu," na rais akasema, "Wewe ni mama yetu, mama."

Sasa, kulikuwa na kamati ya uangalizi, kazi yake kuichunguza serikali hiyo ya wanafunzi. Mwenyekiti wake alikuwa msichana mwembamba wa sheria waliyembatiza Swali la Nyongeza, maana ukimjibu moja anakuletea la pili. Wiki tatu nzima alipita bweni kwa bweni, anagonga, anauliza mtu yuko mwaka wa ngapi. Walimfungia milango. Wengine walimjibu kutoka ndani, "Mwaka wa ng'ombe!" Hata hivyo alirudi na orodha ya vitanda thelathini na kimoja vilivyogawiwa kwa kujuana, akamletea Mama Akidi taarifa aichape.

"Mama, ukiona kosa uniambie."

"Mimi nachapa tu."

Orodha haikuwa na majina, namba za vitanda tu. Bweni la tatu, chumba cha kumi na mbili, kitanda cha juu. Mwezi uliopita alikaa chini ya kitanda hicho akimshonea binti neti iliyochanika. Akachapa. Akaenda mstari unaofuata. Vidole havikusita, na hilo lilimshangaza kidogo, kama mtu anayejikuta kafika nyumbani na njia haikumbuki.

Kikao kilikuwa Alhamisi saa tisa alasiri. Joto, feni moja inazunguka, ya pili inaning'inia. Watu wa rais waliingia kwa kundi, wanasukumana na kuchekana, na mlangoni kila mmoja akainama akaweka saini. Mkono umezoea. Tena katiba yao ilisema ukikosa saini vikao vitatu, kiti huna. Kisha, Swali la Nyongeza aliposimama kusoma taarifa, wajumbe ishirini na wanane wakainuka kwa mpigo mmoja wakatoka nje. Wa mwisho alipunga mkono: "Haya, msomeane!" Walitaka akidi ivunjike, taarifa ife pale pale, kwani hicho kilikuwa kikao cha mwisho cha bunge kwa muhula ule.

Spika akageuka. "Karani, akidi ipo?"

Rais hakuwa ametoka. Alikuja hadi mezani kwa karani, akainama kama mtu anayemwamkia mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Leo hesabu vichwa, mama."

"Mwaka jana mlikuwa kumi na mmoja, nikasoma saini. Ukaniletea soda."

"Mwaka jana ni mwaka jana." Akashusha sauti. "Kitanda cha binti yetu kimo humo. Hii ikipita, wiki ijayo yuko nje, na mimi sitakuwa na la kumsaidia. Wewe sema vichwa tu, mama."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayemkumbusha mtu asisahau mwavuli. Mama Akidi akangoja aogope. Akangoja moyo umwende mbio, au hasira impande, akajipekua ndani kama anayetafuta funguo kwenye mkoba, asipate kitu. Mbele yake palikuwa na daftari tu, na chini ya ukurasa kuna namba.

"Arobaini na saba," akasema.

"Vichwa?" akauliza spika.

"Saini. Kama siku zote."

Waliokuwa nje wakajazana mlangoni. "Mama! Sisi tumetoka, hutuoni?"

"Nawaona. Na saini zenu naziona."

Mtu akaangua kicheko, spika akagonga meza, kura zikapigwa. Wajumbe waliobaki wote wakanyoosha mikono. Taarifa ikapita.

Jumatatu mshauri wa wanafunzi alibandika tangazo: vitanda thelathini na kimoja virudishwe ndani ya siku tano. Waziri wa malazi wa wanafunzi akajiuzulu, rais akaitwa kujieleza. Swali la Nyongeza akaingia ofisini anameremeta uso mzima.

"Mama, umetuokoa! Lakini niambie, alikunong'oneza nini pale?"

"Nenda darasani, mwanangu."

Jumamosi asubuhi binti alifika nyumbani na begi na ndoo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba. Umekula?"

"Watu wanasema rais alikufuata kabla hujajibu. Alikwambia ni kitanda changu?"

"Aliniambia."

"Ungesema vichwa."

"Ningesema."

"Vilikuwa vingapi?"

"Kumi na tisa."

Binti akakaa kwenye ukingo wa kitanda, kitanda kile kimoja cha nyumba ile.

"Jumatatu niko zamu. Saa kumi na mbili niwe wodini."

"Tutaamka saa tisa. Nitakusindikiza hadi kwenye basi la kwanza."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Mama Akidi akafungua kabati, akasukuma nguo zake upande mmoja, nusu ikabaki wazi. Binti akatoa sare nyeupe ya wodini, akaitundika. Vingine vyote akaviacha begini, akavuta zipu.