Niliziba Pengo, Mama Akaacha Kuingia Chumbani Kwangu

Admin, ficha jina langu, ila usifiche kwamba mimi ni mtanashati. Nina miaka 24, kwetu ni Arash, Umasaini, nahudumia mezani kwenye lodge moja Karatu. Shule niliiachia kidato cha pili, lakini Kiingereza natiririka mpaka wageni wanauliza nimesomea Ulaya gani.

Kwetu ukiwa mdogo unang'olewa meno mawili ya mbele, ya chini. Vijana wa rika langu wanajivunia, wanatema mate kupitia humo kwa shabaha. Mimi niliona ni geti la zizi lililosahauliwa wazi. Nikitabasamu, mgeni anaangalia pengo badala ya menyu. Nikakusanya tipu za msimu mzima, nikaenda Arusha, daktari akanipandikizia meno: skrubu mbili ndani ya taya, juu yake meno ya muda, ya kudumu yatafuata baada ya miezi kadhaa. Nikarudi nyumbani kuuguza uvimbe.

Waliokuja kunipa pole ndio walinichosha. Watu ambao hawajawahi kushika mswaki wa dukani wanajaa kitandani kwangu kunikagua kama dume la mnadani. Mmoja akaomba aguse. Baba mdogo akauliza siku nikifa meno hayo atarudishiwa nani. Na taya lilikuwa limekaza, mdomo haupitishi hata kidole, kwa hiyo nilikuwa nawajibu kwa kuandika kwenye simu, shemeji yangu, mke wa kaka, anawasomea kwa Kimaasai. Niliwachana vizuri tu. Shem alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi.

Siku ya tatu akaja mama na kibuyu cha maziwa. Akajaribu kuninywesha, yakamwagika yote shingoni. Akashika kidevu changu, akawa anasema peke yake kwamba limezibwa, pengo limezibwa. Maumivu yananiua, shati limelowa. Nikaandika: "Mwambie aache ushamba. Alinitia alama kama ng'ombe anayekatwa sikio, sasa anashangaa nini nikijirekebisha."

Shem akasoma kimoyomoyo, safari hii hakucheka. Mama akamwambia asome. Akasoma yote, hakupunguza hata neno.

Mama akaweka kibuyu chini. Akaniambia taratibu, "Ulipokuwa unachunga ndama uliugua, taya likakaza hivi hivi. Baba yako alishakata tamaa. Mimi nilikupitishia maziwa kwenye hilo pengo, tone kwa tone, mpaka ukafungua macho."

Akatoka.

Mimi hiyo habari sikumbuki kabisa. Nikadhani ananitisha. Nikamuuliza kaka, akasema ni kweli, yeye ndiye aliyekuwa anashikilia kichwa changu.

Tangu siku ile maziwa anayaacha mlangoni, haingii. Kamwambia shem nikitaka kitu niandike.

Sasa nyie mnaotaka kuniita mjinga piteni zenu, hilo nimeshajiambia na nimelisema vizuri kuliko nyinyi. Wenye akili kidogo mbaki. Miezi ikitimia, nirudi Arusha nikawekewe meno ya kudumu, au daktari ang'oe skrubu zake? Na mtu anamwombaje mama yake radhi? Mimi sijawahi kuomba radhi, hata mwalimu aliyenifukuza darasani alisubiri akachoka. Nijibuni leo leo, maana mdomo umeanza kufunguka na sina tena kisingizio cha kunyamaza.